Madaftari Kumi na Mawili ya Mwalimu Masalu

Mwalimu Masalu Bujiku alifariki dunia Jumamosi, Machi 8, 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika hospitali ya Kolandoto, akiwa na umri wa miaka 58, na leo Jumatano familia imenituma mimi, mdogo wake Paskalina, niwasomee maisha yake kama yalivyokuwa.

Alizaliwa Agosti 14, 1966, kijijini karibu na Kolandoto, mtoto wa tatu wa mzee Bujiku na mama yetu, mayu Martina, akachunga ng'ombe hadi alipoanza darasa la kwanza mwaka 1975, akamaliza la saba mwaka 1981, sekondari mwaka 1985 mjini Shinyanga, na chuo cha ualimu mwaka 1988, mwaka ambao alipangiwa Katoro, kufundisha Kiingereza watoto waliosema Kisukuma nyumbani na Kiswahili sokoni.

Vitabu vilikuwa vinne kwa watoto tisini, ndipo akaanza utaratibu wake: kila mtoto aje asubuhi na sentensi moja ya Kiingereza aliyoikuta mwenyewe, kwenye fulana ya mtumba, kwenye boksi la dawa, kinywani mwa mgeni aliyekuja kununua dhahabu. Aliziandika ubaoni, akaziweka pamoja zilizofanana umbo, "Keep dry" ya mfuko wa simenti, "Keep left" ya barabarani, "Keep quiet" ya mlangoni mwa zahanati, mpaka watoto wakaona kwamba lugha iliyowatisha inarudia maumbo yaleyale machache, na kwamba aliyeshika umbo anaweza kutunga sentensi yake bila kukariri. Kila sentensi aliinakili kwenye kaunta buku, pamoja na jina la mtoto, tarehe na mahali ilipopatikana. Kufikia mwaka 2016 madaftari yalikuwa kumi na mawili.

Julai 6, 1991, alifunga ndoa na Scolastika, wakajaliwa watoto watatu, Vumilia, Donatus na Eunice. Mwaka 1997 mwanafunzi wake Nasibu, ambaye hakupenda kuhangaika, alikuwa hajapata sentensi hadi kengele inakaribia, akasimama nje ya uzio wa Mwalimu, akamsikia Mama Vumilia akilalamika kwamba kuku wake mwekundu hajarudi nyumbani, akaigeuza kauli hiyo kuwa Kiingereza njiani. Darasa zima lilimpigia makofi, Mwalimu akacheka hadi akavua miwani, na kuku mwekundu wa Mama Vumilia akaingia daftari la nne.

Novemba 2016 mwalimu mwenzake, Cornel, ambaye wengi hapa mnamfahamu, aliomba madaftari hayo kwa wiki mbili ili atoe nakala. Mwalimu aliyafunga yote kwa kamba ya katani, akambebea hadi stendi. Kila alipopigiwa simu, kwa zaidi ya miaka mitatu, Cornel alijibu, "Yako njiani, kaka."

Juni 2020 Nasibu, sasa mfanyabiashara wa Katoro, alimnunulia mwanawe kitabu cha Kiingereza chenye jina la Cornel juu ya jalada, akafungua ukurasa wa 41, akapiga simu akiwa bado dukani: "Shikamoo Mwalimu, yule kuku wa Mama nimemwona, yuko kwenye kitabu cha watu!" Kuku alikuwa yuleyule, mwekundu, na jina la Mama Vumilia halikubadilishwa. Kitabu kile kinashukuru watu kumi na mmoja. Masalu Bujiku hayumo.

Alikwenda mara tatu kwenye ofisi moja kulalamika, na mara tatu aliambiwa alete maandishi yake ya awali, ambayo yalikuwa kwa mtu aliyekuwa akimlalamikia. Cornel, alipoulizwa mbele ya walimu, alisema sentensi za kila siku hazina mwenyewe. Familia inauliza, kama hazina mwenyewe, jina lake lilifuata nini juu ya jalada?

Septemba 2023, nyumbani kwake Ngokolo, mjini Shinyanga, alikohamia kutoka Katoro, alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukakataa, akaanza kumsomea Vumilia aandike upya madaftari yale kutoka kichwani, jina la mtoto, mahali, hata rangi ya fulana. Walifika katikati ya la tatu. Hatusemi kwamba kitabu ndicho kilichomuua. Madaktari waliandika shinikizo la damu, nasi tunasoma walichoandika. Cornel ameomba kuzungumza hapa kwa niaba ya walimu. Tumekataa, tukamtumia ujumbe kwamba alete kwanza mali ya marehemu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kolandoto, majirani wa Ngokolo ambao jiko lao halijazimika tangu Jumamosi, walimu waliosafiri kutoka Katoro, na Nasibu, aliyekuja na kitabu kile ili kila anayetaka akione kwa macho yake.

Pumzika kwa amani, kaka. Sisi bado hatupumziki, maana jana Jumanne, saa kumi jioni, mwendesha bodaboda alileta nyumbani mfuko wa simenti uliofungwa kwa kamba ileile ya katani, bila barua, na Mama Vumilia akayatoa madaftari mbele ya majirani, akayahesabu mara mbili, yakawa kumi na moja. La nne halimo.