Kuku wa Marehemu Vitalis Hawauzwi

Marehemu Vitalis Eliasi Millanzi alizaliwa mwaka 1934 huko Ndanda, wilaya ya Masasi. Alisoma misheni hapo hapo hadi darasa la nne, akatoka na mwandiko mzuri na sauti nene ya kwaya.

Mwaka 1956 alikuja Dar es Salaam, akapata kazi ya kuchinja na kunyonyoa kuku Kariakoo. Tarehe 4 Julai 1959 alifunga ndoa na Evarista. Siku hiyo jogoo wa karamu alikata kamba, bwana harusi akamfukuza hadi Msimbazi na viatu vyake vipya. Bibi harusi akasema, "Haya, kumbe nimeolewa mke wa pili. Mke mkubwa ni kuku."

Mwaka 1976 alianza kufuga wa kwake uani, Mtaa wa Sikukuu, akiwauza sokoni. Walibanana wakikanyagana kwenye kinyesi kibichi, maji yao yana utelezi, na harufu iliingia hadi kwenye uji. Ili wasife, kila asubuhi aliwatilia majini unga wa njano wa dawa, wagonjwa na wazima. Mwanzoni mwa 1983 binti yake Angelina, aliyekuwa akinyonyesha chumba cha pili, aliziba dirisha kwa kanga, na bado nzi walitua mdomoni mwa mtoto.

"Baba, dawa kila siku ya nini?"

"Ya kuku, mwanangu. Hata mimi tumbo likinisokota nalamba kidogo. Imponye kuku, inishinde mimi?"

Machi 1983 alishikwa na homa na kuhara damu. Hospitali, dawa zikagoma. Daktari Aristides alipima choo chake na kinyesi cha kuku, akamweleza Angelina taratibu: vijidudu vya kuku vimeuzoea ule unga, haviuogopi tena. Vikiingia tumboni mwa mtu, huwapa vijidudu wengine nguvu hiyo, kama jirani anavyompa jirani kaa la moto.

"Hata vya aina nyingine?"

"Hata vya aina nyingine, mama."

Angelina alikumbuka supu yote ya uzazi aliyopikiwa kwa kuku hao. Akatoka nje kutema.

Wodini marehemu alimshika mkono. "Hao kuku wasitoke uani. Nimeshawalisha watu uchafu wa kutosha." Alifariki tarehe 19 Aprili, alfajiri.

Maiti haijaoshwa, Bwana Shomari, mchuuzi wa kuku, akaingia msibani.

"Poleni sana. Ila dada, nyama imeadimika mjini. Nawachukua wote leo leo."

"Hawauzwi, kaka."

"Mbona wazima kabisa!"

"Huo uzima wao ndio unaonitia kinyaa."

Mama yake akamwitikia kwa kichwa. Kuku wakachinjwa, wakachomwa pamoja na banda, shimo likafukiwa. Ndiyo maana leo msibani mtakula maharage. Atakayeguna, ajue aliyekataza kuku ni mwenye kuku.

Marehemu ameacha mjane, Evarista, dada, Candida, aliyeko Ndanda, binti, Angelina, na mjukuu, Pius, anayenyonya, mzima, dirisha lake sasa liko wazi.

Ee Bwana, mlaze Vitalis kwa amani, mahali penye hewa safi.