Napeleka Matambara: Tunamkumbuka Fundi Achia

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni punguzeni moto kidogo. Na kama kuna fundi anayeshona huku anatusikiliza, namwomba asimamishe mguu. Leo tunamkumbuka mwenzake.

Ametutoka fundi cherehani. Wengi mlimjua kwa jina la Fundi Achia. Amefariki wiki hii, mchana, akiwa ameketi kwenye mashine yake. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Fundi Achia, fundi cherehani, amefariki wiki hii akiwa kazini. Ameacha mke na binti mmoja. Ameacha pia koti moja ambalo halijamalizika kushonwa. Hilo koti tutalirudia, maana bila hilo koti hakuna hadithi.

Tuanze na jina. Mteja alikuwa anaingia na suruali mkononi, amenuna. "Fundi, hii nguo imesinyaa. Nimeifua mara moja tu, sasa inanibana." Fundi anamtazama kuanzia kichwani mpaka kiunoni, anameza kicheko chake, anasema, "Usijali. Nitaachia kidogo." Kila nguo aliyoishona aliifichia kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Mwili ukiongezeka, anafumua, anaachia, anashona upya. Mteja anaondoka zake akiamini kabisa kwamba suruali ndiyo iliyokuwa na kosa. Ndiyo maana akaitwa Fundi Achia.

Sasa sikilizeni kosa ambalo ni fundi peke yake anayeweza kulifanya. Mimi na wewe tukinenepa, nguo hutusema. Kifungo kinaruka, zipu inagoma. Fundi Achia nguo zake hazikuwahi kumsema. Zikianza kubana tu, alizifumua akaziachia. Hakujua hata kama anajidanganya. Mkono ulifanya wenyewe, kama unavyomfukuza nzi. Kila suruali ikamkaa vizuri, miaka nenda miaka rudi, naye akajua yuko vilevile.

Lakini kifua kilikuwa kinamsema. Akipanda ngazi za nyumbani, alisimama katikati akijifanya anatazama rangi ya ukuta. Mkewe aliliona hilo. Akamwambia nenda hospitali ukapimwe. Fundi akajibu kwamba msimu wa sare za shule umefika, subiri uishe. Msimu ukaisha, zikaja nguo za harusi. Harusi zikaisha, akasema kwao wote wana miili mikubwa, ndivyo walivyoumbwa. Mkewe akamkumbusha kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Fundi akaongeza kasi ya mashine ili asimsikie.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo rafiki yake, kinyozi, bingwa wa maneno. Huyo alikuwa akipaza sauti watu wote wasikie: "Kinyozi hajinyoi, na fundi hajipimi!" Watu wanacheka. Fundi naye anacheka. Mtu anayepima watu kutwa nzima, yeye mwenyewe hataki kupimwa.

Wasikilizaji wapendwa, haukuwa uvivu ule. Ilikuwa hofu, na hofu ile ilikuwa na sura ya mtu. Ilikuwa na sura ya kaka yake.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyemfundisha kushona. Alikuwa mtu mnene, wa kucheka kwa sauti, na mdogo wake alizoea kumtania, "Kaka, wewe ukikaa peke yako tayari ni kikao." Siku moja huyo kaka alipelekwa hospitali. Akapimwa. Hakurudi nyumbani. Tangu siku hiyo Fundi Achia alikuwa na msemo wake, na mkewe ameniambia aliusema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika: "Kaka alikuwa mzima mpaka walipompima."

Kaka alikuwa anashonewa koti wakati huo. Fundi alikuwa amelikata na kulipiga bandi tu, zile nyuzi nyeupe za kushikiza kabla ya kushona kwenyewe. Koti likabaki dukani, limevalishwa kwenye sanamu ya nguo, limefunikwa shuka. Fundi hakulimaliza. Hakulifumua pia. Wateja wakiuliza la nani, alisema, "Mwenyewe atalifuata." Alilisema kama mzaha. Mkewe anasema hakuwahi kulicheka.

Sasa ikafika siku ya mvua. Fundi alikuwa na gauni la bibi harusi na alihitaji ile sanamu. Akaondoa shuka. Akavua koti kwenye sanamu. Mikono yake ilikuwa imejaa pini na kitambaa cheupe, hakuwa na pa kuliweka lisichafuke. Akalivaa. Ndiyo, alilivaa tu ili mikono iwe huru.

Likamkaa.

Mabega yakakaa. Mikono ikaishia pale pale ilipotakiwa. Akavuta pande mbili za mbele, zikakutana kwenye alama ya chaki, alama aliyoipiga yeye mwenyewe kifuani mwa kaka yake. Koti la mtu aliyemwita kikao. Kumbuka, fundi huyu hakuwa anajua ukubwa wake. Nguo zake zote zilikuwa zimemficha. Nguo pekee dukani ambayo hakuwahi kuiachia ilikuwa hiyo.

Wakati huo mkewe anaingia na chai. Nimemwomba atueleze mwenyewe, akasema hivi: "Alikuwa amenipa mgongo. Mimi nilimwona shemeji. Naapa nilimwona marehemu shemeji amesimama dukani na koti lake. Nikaangusha sinia. Akageuka, ni mume wangu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akaniambia, 'Mke wangu, amelifuata.'"

Wakaketi chini wote wawili, vikombe vimevunjika, hakuna aliyeviokota. Binti yao alikuwa mdogo bado. Alikuwa kona ya duka akicheza na vifungo, na mama yake akamtazama akawaza: huyu mtoto atakuja kuambiwa baba yake alikuwaje.

Kesho yake Fundi Achia alipiga moyo konde akaenda hospitali. Mkewe alimsindikiza. Alipofungwa kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, alifumba macho akasema, "Pima, daktari. Lakini kaka yangu mlimpima akafa." Daktari hakucheka. Alimuuliza swali moja tu: "Kaka yako alikuja hapa akitembea, au alibebwa?"

Fundi akafumbua macho. "Alibebwa," akasema.

"Wewe je?"

"Nimekuja kwa miguu yangu."

"Basi hujaja kama yeye."

Presha ilikuwa juu na moyo ulikuwa umechoka. Daktari alimwambia amechelewa, ila hajachelewa kabisa. Akampa dawa, akamwambia apunguze chumvi na mafuta, na atembee kila siku. Atembee tu, taratibu, bila kukimbizana na mtu. Narudia: dawa, chakula, na kutembea.

Dawa alizimeza. Chakula alinung'unika akala. Kutembea ndiko kulikokuwa na kazi. Mtu mzima, baba wa watu, anatembea barabarani bila anakokwenda! Watu watasemaje? Akaona dawa ya aibu ni ujanja. Akachukua mfuko wa nguo, akaujaza matambara, vile vipande vinavyobaki chini ya mashine, akatoka nao asubuhi. Akiulizwa anakwenda wapi, anajibu, "Napeleka nguo za mteja." Mtaa mzima ukaamini. Wakawa wanasema fundi amepata wateja wakubwa siku hizi, kazi zinamfuata mpaka nyumba za mbali. Kuna fundi mwenzake alianza kumwonea wivu.

Ujanja haudumu. Asubuhi moja, mbele ya kibanda cha kinyozi, mfuko ukachanika. Matambara yakatawanyika barabarani, mekundu, ya maua, ya mistari. Kinyozi akatoka na mashine ya kunyolea mkononi, akapiga ukelele: "Jamani, njooni muone! Fundi anawapelekea wateja matambara!" Hata mteja aliyenyolewa nusu kichwa alitoka nje kucheka.

Fundi aliyaacha pale pale. Akarudi ndani. Hakutoka kesho yake, wala siku zilizofuata. Akasema yamekwisha, amejaribu, imeshindikana. Na mkewe anasema alimkuta tena amesimama mbele ya ile sanamu, ameinua shuka, anaongea na koti. Alisikia maneno haya tu: "Haya kaka, basi nisubiri."

Hapo mama yule akapandwa na hasira. Akaifunika sanamu kwa kishindo. Akamwambia mumewe maneno ambayo ninayaweka hapa kama alivyonipa: "Waliokucheka wameshasahau, wamerudi kwenye kazi zao. Ni wewe uliyejifungia humu na kicheko chao. Kama unataka kuvaa hilo koti, livae leo nikuone. Kama hutaki, chukua mfuko wako utoke."

Alitoka. Akajaza matambara upya, na safari hii aliuacha mfuko wazi, vitambaa vimening'inia nje kila mtu avione. Alipofika kwa kinyozi, kinyozi akauliza, "Haya fundi, leo wapi?" Fundi akajibu bila kusimama, "Napeleka matambara." Kinyozi akarudi ndani bila kutania. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Ikawa ndiyo salamu yake. Mvua, jua, unamkuta anapita. Fundi, wapi? Napeleka matambara. Kuna siku alikata tamaa akalala, sitawadanganya. Kuna mwezi mzima mkewe alipougua naye akaacha kutembea. Lakini alikuwa amejifunza kwamba kuacha jana hakukuzuii kutoka leo. Kila baada ya muda alilivaa lile koti, akavuta pande za mbele, akatazama zinavyopishana. Siku moja pande zile zilipishana upana wa kiganja. Akamwita mkewe aje aone. "Tazama," akamwambia. "Kaka ameanza kuniachia."

Binti yao, ambaye sasa ni mtu mzima, amenieleza jambo lake. Alipokuwa mdogo, akimkumbatia baba yake mikono haikukutana mgongoni. Siku moja ikakutana. "Mpaka leo sijui," anasema, "kama ni baba aliyepungua au ni mikono yangu iliyorefuka." Fundi Achia aliufikia umri aliofia kaka yake. Akaupita. Akaupita kwa mbali, akamlea binti yake, akamshonea na gauni la harusi.

Moyo ule haukuwa mpya, wasikilizaji. Ulikuwa umetiwa viraka, ukafanya kazi kuliko ulivyotarajiwa. Wiki hii mkewe alikuwa chumba cha nyuma. Akasikia mashine imesimama. Anasema mumewe hakuwa mtu wa kuikatiza mashine katikati ya mshono, alikuwa akifika mwisho ndipo asimame. Kwa hiyo akangoja iendelee. Akangoja tena. "Mpaka sasa," ameniambia, "nikiwa chumba kile nangoja mashine iendelee."

Baada ya mazishi, kinyozi alikuja dukani kusaidia kupanga vitu. Akaiona ile sanamu. Akaondoa shuka. Huyu kinyozi naye miaka haikumwacha, na yeye suruali zake zote zilikuwa zimeachiwa na marehemu. Alilichukua koti akalivaa. Mjane alikuwa mlangoni, akaona mgongo, na kwa mara ya pili maishani mwake alimwona marehemu shemeji yake. Kinyozi akavuta pande za mbele. Zikakutana kwenye chaki.

"Limenikaa, shemeji," akasema. Sauti yake, anasema mama, haikuwa ya mtu wa mizaha.

Jana asubuhi mjane alifungua dirisha. Barabarani kulikuwa na mtu anapita, mnene, anahema, ana mfuko mkononi, vitambaa vimening'inia nje. Akamwita, "Shemeji, mapema yote hii unakwenda wapi?"

Kinyozi hakusimama. "Napeleka matambara," akajibu.

Mama alifunga dirisha akalia. Anasema ndiyo mara ya kwanza kulia vizuri tangu mashine isimame.

Kwa mke wa marehemu, kwa binti yake, na kwa rafiki yake kinyozi ambaye leo kibanda chake hakijapiga kelele, sisi wa hapa redioni tunawapa pole nyingi. Mungu ampumzishe Fundi Achia.

Na wewe unayenisikiliza, huenda nyumbani kwako kuna koti lililofunikwa shuka. Mimi silijui, unalijua wewe. Lakini kesho ukimkuta mtu mzima barabarani, anatembea taratibu, ana mfuko usioeleweka, usimuulize amebeba nini. Mpishe njia apite. Na kama njia ni yako pia, ongozana naye.