Rimu Iitwayo Mjane

Niwekeeni mto mgongoni niketi, maana haya sitaki kuyasema nikiwa chali kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Dianah, zima redio. Nzioki, acha simu. Kaloki, toka nyuma ya dada yako, kaa pale nione uso wako. Na wewe Waithira, Mama Tabby, kikombe kitaoshwa baadaye. Kaa kwenye kiti hicho cha mlangoni. Najua wanangu wanajiuliza jirani anatafuta nini katika wosia wa baba yao. Watajua kabla sijanyamaza, nawe utajua pamoja nao, na ukishajua una ruhusa ya kuondoka bila kuniaga.

Tuanze na yaliyo mepesi. Shamba la Yatta ni la Nzioki, pamoja na kisima, ila asimfukuze shangazi yenu kwenye ile nyumba ya mabati mpaka atakapotaka kutoka mwenyewe. Gereji ya hapa Landless, na mashine ya kunyooshea, na nyundo ya mbao, ni ya Dianah, kwa sababu kati yenu ni yeye peke yake anayeweza kugonga rimu akasikia kama ni nzima. Kaloki, nawe nimekuwekea kitu. Chako kinakuja mwisho.

Miaka arobaini na miwili nimenyoosha rimu za magari ya mbio hapa Thika, na majina yake mnajua yalitoka mdomoni mwangu. Vijana walikuja kuulizia rimu wasiyojua namba yake ya kiwandani, wakawa wanachora hewani kwa vidole, nami nikachoka kutazama vidole. Ile ya wavu nikaiita Kiondo, kwa sababu nyuzi zake zilivyotoka katikati na kupishana zilinikumbusha mama yangu akianza kitako cha kiondo juu ya paja lake. Ile ya matundu ya mviringo nikaiita Simu, kwa ajili ya simu ya ofisini kwa chifu, ile ya kutia kidole na kuzungusha. Ya meno ni Msumeno, hiyo haina hadithi. Majina yakatembea mpaka Ruiru, na leo kijana wa Membley ambaye hajawahi kuona simu ya kuzungusha anaagiza Simu nne na anapata anachotaka.

Kisha kuna ile nyeusi ya mikono mitano myembamba. Hiyo niliiita Mjane. Mliponiuliza sababu nilisema ni ule weusi, kama nguo za matanga, mkacheka. Hata wewe, Mama Tabby, ulisimama gerejini siku moja na kitenge chako begani, ukasema, "Basi hiyo ni yangu, mnipimie," nami nikainama nikajifanya natafuta spana.

Lakini kila fundi aliyepita mikononi mwangu nilimfundisha kwamba Mjane ikipasuka haichomelewi. Inachongwa msalaba kwa patasi upande wa ndani na kutupwa kwenye rundo nyuma ya choo. Jina lilikuwa na kazi hiyo: fundi akilisikia, anaweka chini moto. Sababu ya kweli nilimwambia mtu mmoja tu, Kaloki, siku moja kabla ya harusi yake, kwa kuwa niliona mtoto wangu sasa ni mtu mzima, na mzigo ule ulikuwa umenichosha kuubeba peke yangu.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja mwanafunzi wa chuo, anakaa Kahawa Wendani. "Niaje mzee, hii ya nyuma inapoteza upepo." Nikamuuliza ni rimu gani. "Malkia, mzee. Nilinunua Ruiru, kwa Kaloki." Malkia. Nimebatiza rimu nyingi, lakini hilo jina lilikuwa geni kwangu. Nikaigonga, ikalia kama sufuria iliyojaa ugali. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaifuta, nikaipaka vumbi la chaki, na baada ya muda mafuta yakarudi kutoka ndani yakachora mstari mwembamba wa ufa kwenye shina la mkono mmoja. Nikakwangua rangi upande wa ndani. Chini ya rangi palikuwa na puti ya kuzibia mikwaruzo, na chini ya puti palikuwa na msalaba wangu.

Kaloki, nilipokuja dukani kwako ulikuwa unamhudumia mteja, ukaniambia nisubiri. Nikasubiri. Kisha ukasema, "Baba, nani atanunua kitu kinaitwa Mjane? Mimi nimebadilisha jina tu." Nikakwambia nitawatafuta waliouziwa. Ukanishika mkono, polepole, kama mtu anayemvusha mzee barabara, ukasema, "Watafute. Na mimi nitamwambia Mama Tabby nani alimfanya mjane. Tuone kama atakuletea uji tena."

Nilikupa aibu yangu uitunze, ukaifanya kufuli ya mdomo wangu. Kuibiwa rundo la nyuma ya choo ningesamehe siku hiyo hiyo. Hili limenila kuliko huu ugonjwa. Na mimi nikanyamaza miezi saba, watu wakiendesha magari juu ya rimu hizo, kwa sababu ya bakuli la uji. Sehemu hiyo ni yangu, sikusukumii.

Sasa kufuli naivunja mwenyewe. Waithira, nitazame. Waweru wako alikuja kwangu Ijumaa na rimu imepasuka mkono mmoja, ana harusi ya kuhudhuria Murang'a kesho yake. Nilipaka mafuta na chaki. Niliuona mstari. Nikachomelea juu yake, nikapaka rangi nyeusi, nikamwambia, "Hii sasa ni nzima kuliko mpya." Ilikatika kwenye mteremko wa mto Chania. Polisi waliandika mwendo wa kasi, ukaishi miaka yote hii ukiamini mume wako alijiua kwa kukanyaga mafuta. Hakukanyaga. Nilibeba jeneza lake upande wa mbele. Rimu yenyewe imo ndani ya sanduku chini ya kitanda hiki. Dianah, itoe umpe. Ni yake.

Maji. Kidogo tu. Basi.

Kaloki, urithi wako ni ile chupa ya mafuta ya taa na kipande cha chaki, viko dirishani. Uliuza seti nne. Moja ninayo, ya yule mwanafunzi. Tatu ziko barabarani, na namba za wenyewe unazo. Wapigie sasa hivi, mbele yetu, uweke sauti wote tusikie. Waambie waegeshe hapo walipo, wasimalize hata safari waliyo nayo. Waambie hiyo Malkia uliyowauzia inaitwa Mjane, na uwaambie kwa nini. Mtaje Waweru. Nitaje na mimi. Ukimaliza wa tatu, wewe ni mwanangu kama hawa wawili, na Dianah akufungulie gereji.

Mnizike Yatta, bila hotuba ndefu. Mungu awape usingizi ambao mimi sikuupata. Awalinde njiani, na mtu yeyote anayeendesha gari juu ya kazi ya mikono yenu afike kwao. Tabby na watoto wake pia. Nimewabariki wote... hata wewe, Kaloki.

Piga.

Inaita. Nasikia inaita... Dianah, macho yangu yameingia giza. Kiti cha mlangoni, kina mtu? La, usiniambie.

Hajapokea. Labda anaendesha.

Piga tena.