Maisha ya Kaka Yetu, Mpima Thamani ya Bwawa

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kusoma maisha ya marehemu kaka yetu, na familia haikukosea, maana yote nitakayosoma niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, hakuna nililosimuliwa, na mwenye kubisha angoje nimalize.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa pili kati ya watano wa mwashi na mshonaji, akalia mara moja, akanyamaza, akaanza kutazama watu, na msinigunie kwamba mimi nilizaliwa miaka tisa baadaye, hilo ni suala la tarehe tu.

Alianza shule ya msingi Januari 1971, akaendelea na sekondari mwaka 1978, akaingia chuo kikuu kusomea uchumi mwaka 1985, akarudi tena chuoni kwa shahada ya pili aliyoimaliza mwaka 1992, wakati mimi na shule tulishaachana zamani, kila mmoja akashika njia yake bila kinyongo.

Tarehe 3 Agosti 1992 aliajiriwa katika ofisi ya mipango ya mji, akapewa chumba cha mwisho jirani na choo, chenye meza ambayo droo yake haifunguki mpaka uipige teke, na kazi yake, kwa lugha yangu mimi nisiyesoma sana, ilikuwa kujua watu wanapenda kupumzika wapi na wanapapenda kiasi gani, kwa kuwa bustani ya bwawani haina kiingilio, na wakubwa wakasema kisicho na bei hakina thamani, naye akasema thamani ipo, imo kwenye nauli ya mtu, jua alilotembea na kibarua alichokiacha ili afike pale, ukiyakusanya hayo kwa watu mia nne unachora mstari, na mstari huo hausemi uongo.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994 na shemeji yetu mkunga, na wiki ya harusi alimwekea kadi tatu mezani, ziwa la mbali lenye vivuli, mlima wa karibu usio na vyoo, na msitu wa katikati wenye mbu, achague wakapumzike wapi, shemeji akajibu kwamba anachagua mahali popote pasipo na kadi. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1996, leo ni mwalimu wa hesabu, na mvulana wa mwaka 1999, fundi wa majokofu.

Mwaka 2011 ikaletwa hoja ya kulifukia bwawa pajengwe maegesho ya malori, naye akapewa miezi miwili aeleze lina thamani gani, akaniajiri mimi nikae getini na ubao na kalamu, fomu kumi kila siku, nami nilihoji watu kama hakimu, muuza mitumba mmoja nikimwuliza angekubali kusafiri umbali gani kuja hapa, akanijibu, kwani wewe ndiye unayenipeleka? Na Alhamisi ya tarehe 12 Mei, mvua ikinyesha, nikiwa peke yangu, alikuja mzee wa kofia ya kijivu, kovu kidevuni, amesafiri kwa basi siku nzima na nusu, kilomita mia sita na arobaini, akakaa kwenye benchi la bwawani saa moja, akashukuru, akarudi kwao, nami nikamwandika katika fomu namba 207.

Marehemu alipochora mstari wake, ulipofika kwa mzee huyo ukapanda kama ngazi, thamani ya bwawa ikawa kubwa kuliko malori yote ya nchi, akaipeleka kwenye kamati tarehe 8 Novemba 2011 akiwa na suti ya harusi yake, na katibu wa kamati akaisoma, akavua miwani, akauliza huyu mzee alikuja kutazama maji au alikuwa anamkimbia mkewe, ukumbi mzima ukacheka, ripoti ikarudishwa na maneno mawili juu yake, aletwe huyo.

Hapo ndipo kaka yetu alipochoka kabla ya kuzeeka, kwa sababu barua tisa alizoandika kumtafuta mzee huyo hazikujibiwa, kwenye redio alitangaza, kwenye vituo vya mabasi aliuliza wenye kofia za kijivu hadi wakamwona amerukwa na akili, wenzake wakimshauri aitoe fomu hiyo moja ajaribu upya, akawajibu kwamba aliyeijaza ni mdogo wake, na mpimaji hatupi jibu la mtu kwa sababu limemsumbua. Alistaafu Machi 2024 bila kusikilizwa, na kila Alhamisi akaenda kukaa kwenye benchi lile, akisema aliyekuja mara moja kwa mapenzi hayo atakuja tena.

Alhamisi ya tarehe 3 Aprili 2025 mvua ilimkuta hapo, akaingoja iishe, akarudi nyumbani akitetemeka, na kwa kuwa sukari ilikuwa imemdhoofisha tangu mwaka 2016, homa ya mapafu haikupata upinzani, akalazwa, akafariki Jumamosi ya tarehe 12 Aprili, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani waliotuletea viti kabla hatujaomba, na wafanyakazi wenzake wa ofisi ya mipango, waliokuja wengi kuliko walivyokuwa wakiingia chumbani kwake.

Limebaki moja, na halimo katika karatasi niliyopewa. Kamati inakaa tena Jumanne kuhusu malori, hoja iliyoahirishwa miaka yote hii, na jana mchana binti wa marehemu alipiga upya hesabu za baba yake bila fomu namba 207, akaniambia, baba mdogo, mstari umeshuka sana, ila bwawa bado linayashinda malori, kwa kidogo, lakini linayashinda, na lingeyashinda tangu mwaka ule, kisha akanitazama, nami sikumjibu. Ninamjibu sasa, mwanangu, mbele ya watu wote hawa, kwamba siku ile ya mvua nilikaa kibandani nikinywa chai, nikapata fomu tisa, na mzee wa kofia ya kijivu nilimtunga mimi ili zitimie kumi, kovu nikaliongeza baadaye, baba yako alipoanza kuniuliza atamtambuaje. Fomu hiyo ninayo mfukoni, zilizobaki ni mia nne na kumi na moja, zote ni za watu, zipelekeni.

Kaka, pumzika sasa, usimngoje tena.