Herufi Mbili Pembeni mwa Dashibodi

Bi Qurratulain Gulamhussein anastaafu leo Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026, baada ya kukitumikia chuo chetu cha urubani cha Malton, karibu na Toronto, kwa miaka thelathini na mmoja, mwezi mmoja na siku ishirini na sita. Hesabu hiyo ni yake. Nilimwonyesha sentensi ya kwanza tu ya rasimu, iliyosema "zaidi ya miaka thelathini", akachukua kalamu akasahihisha. Mengine yote hapa chini atayasoma pamoja nanyi.

Ukurasa wa mbele wa ratiba hii umeandikwa na ofisi kwa Kiingereza, na yamesemwa mazuri. Huu wa ndani niliachiwa mimi, Murad Sadrudin, niliyefanya naye kazi Chumba Namba Nne kwa karibu miaka kumi na mitano, ili jamaa zake waliojaa leo katika ukumbi huu wa Vaughan wasome kwa lugha wanayoongea nyumbani. Wajukuu wake, wanaoelewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza, watasomewa. Bi Qurra, kama tunavyomwita kazini, aliposikia kwamba ni mimi nitakayeandika, alisema, "Andika utakavyo, lakini usinipambe." Basi sitampamba. Nitaeleza hata ile barua ya onyo iliyokaa kwenye faili lake, ambayo wengine huitaja chini chini. Sitaki astaafu nayo.

Alizaliwa Lindi, akasoma Dar es Salaam, akafika Toronto akiwa na mume, watoto wawili na cheti cha uchapaji. Tarehe 3 Aprili 1995 aliajiriwa chuoni kupanga mafaili ya wanafunzi. Kazi ya mafaili aliifanya kwa miaka tisa bila kupoteza karatasi hata moja, na hilo nalo anapenda likumbukwe.

Mwaka 2004 chuo kilinunua simuleta, yaani chumba chenye kompyuta, kiti na usukani (ndicho hicho Chumba Namba Nne), ambamo mwanafunzi anajifunza kurusha ndege bila kuondoka ardhini. Programu yake ilikuja na ndege chungu nzima, lakini hakuna hata moja iliyofanana na ndege zetu ndogo za mafunzo. Geji ya mwendo ilikuwa pengine, geji ya kimo pengine, na mwanafunzi akitoka kwenye simuleta kwenda kwenye ndege halisi alianza upya kutafuta kila kitu kwa macho. Wakufunzi walilalamika mwaka mzima. Bi Qurra, aliyekuwa akipita pale na mafaili, aliuliza kwa nini hawachori dashibodi yao wenyewe. Walicheka. Akaomba mwongozo wa programu, akaubeba kwenye basi kwenda na kurudi kwa wiki tatu.

Kwa wasioijua kazi hii, ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Unachora picha ya ubao wa ndege, kisha unaandika orodha fupi inayoiambia kompyuta geji gani ikae wapi na iwe na ukubwa gani. Dashibodi yake ya kwanza aliipaka rangi nyeusi tii, kama ilivyo kwenye ndege yenyewe. Hakujua kwamba programu ile huihesabu rangi nyeusi kabisa kuwa ni tundu. Walipoiwasha, ubao haukuwepo. Geji sita zilikuwa zinaning'inia mawinguni, na mkufunzi mmoja akauliza kama ndege imelipuliwa. Tangu siku hiyo Bi Qurra anatumia rangi anayoiita nyeusi ya pili, ambayo ni nyeusi iliyopunguzwa weusi kidogo sana, kiasi kwamba jicho halioni tofauti ila kompyuta inaiona.

Amechora dashibodi sitini na tatu. Sifa ya zote ni uchache. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza alimpa geji tatu tu: mwendo, kimo na upeo wa macho, ile inayoonyesha kama ndege imeinama. Wiki ya pili anaongezewa mbili. Alikuwa akisema jicho la mwanafunzi ni sahani, ukilipakulia kupita kiasi kinamwagika hata kile kilichokuwa kizuri. Koki ya kuchagulia tangi la mafuta, la kushoto au la kulia, aliitengeneza kwa kitufe cha jiko la umeme alichokinunua kwenye duka la vitu vilivyotumika kule Agincourt. Kipo mpaka leo, na bado kina alama ya kuokea keki.

Miaka saba iliyopita chuo kilileta simuleta mpya yenye skrini tatu na geji arobaini. Ile ya zamani iliandikiwa kutupwa. Haikutupwa, kwa sababu wakufunzi waliendelea kuwapeleka wanafunzi wapya Chumba Namba Nne kimya kimya, na mwishowe ofisi ikaona aibu ikakarabati kiti chake.

Alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Kila dashibodi, kwenye pembe ya chini kulia, iwe na herufi mbili za jina la aliyeichora. Zake ni Q.G. Aliyechora ndiye anayejibu, alisema, na asiyetaka kujibu asichore.

Sasa nifike kwenye barua.

Mimi niliajiriwa Septemba 2011, kwa majaribio ya miezi mitatu. Wiki ya pili Bi Qurra alinipa nitengeneze dashibodi ya ndege yetu mpya ya matangi mawili. Ilikuwa kazi ya siku nne; niliimaliza kwa siku mbili ili nionekane hodari. Katika orodha ya geji, mistari miwili ya mafuta niliipishanisha. Geji iliyokaa upande wa kushoto ilisoma tangi la kulia, na ya kulia ikasoma la kushoto. Kwa haraka hiyo hiyo nilisahau kuweka herufi zangu pembeni. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa nimeambiwa hivyo tangu utotoni.

Wanafunzi tisa waliitumia kwa wiki tano. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu mwanafunzi huzoea chochote anachopewa. Walizoea kwamba ukiona geji ya kushoto imepungua, basi koki igeuziwe huko huko kushoto. Kwenye simuleta yangu hilo lilikuwa sahihi, kwa kuwa tangi lililopungua hasa lilikuwa la kulia. Asubuhi moja ya Novemba, mmoja wao, Leokadia, msichana wa Moshi aliyekuwa akifanya kazi ghalani uwanja wa ndege ili ajilipie masomo, alikuwa angani kwa ndege halisi pamoja na mkufunzi wake. Koki ilikuwa kulia, na geji ya kushoto ilionyesha mafuta kidogo. Akafanya alichozoea, akaweka koki kwenye tangi ambalo lilikuwa karibu na kukauka. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Mkufunzi akarudisha koki, injini ikashika, wakatua salama. Leokadia alishuka, akaandikwa kuwa hana umakini, naye akaanza kutafuta fomu ya kuacha masomo.

Bi Qurra alisikia habari hiyo wakati wa chakula cha mchana. Hakumaliza chai yake. Alifungua orodha ya geji, akaisoma mstari kwa mstari, akaniita nione. Niliona. Nilitamani sakafu ipasuke. Akampigia simu mkuu wa idara kwamba kosa ni la dashibodi, na dakika chache baadaye tulimsikia akija na watu wawili kutazama ilichorwa na nani. Pembe ilikuwa tupu. Bi Qurra akavuta kibodi, akaandika Q.G., akahifadhi.

Nilimwuliza kwa nini. Alinijibu bila kunitazama, "Wewe uko kwenye majaribio. Kibarua chako kitaota nyasi leo leo. Changu kitakohoa tu. Na mimi ndiye niliyepaswa kukagua, sikukagua."

Kilikohoa kweli. Alipewa barua ya onyo. Usimamizi wa vyumba vyote vya simuleta, ambao kila mtu alijua ungekuwa wake Januari iliyofuata, alipewa mtu mwingine, na haukurudi kwake tena. Barua hakuijibu. Badala yake alirekebisha mistari miwili, akawapigia simu wanafunzi wote tisa mmoja mmoja, akawarudisha kukaa upya kwenye kiti, jioni baada ya saa za kazi, mpaka mikono yao ikasahau nilichokuwa nimewafundisha. Kila jioni nilikuwepo, nikiwasha na kuzima kompyuta. Kila jioni nilikuwa na nafasi ya kusema. Majaribio yangu yakaisha, nikathibitishwa kazini, na bado sikusema. Miezi ikawa miaka, na aibu ikishazeeka inajifanya busara. Nilijiambia kwamba kufukua yaliyopita kungemsumbua yeye. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Mwezi uliopita Leokadia alikuja Chumba Namba Nne. Siku hizi ni rubani wa ndege za mizigo, na baadhi yenu mnapokea vifurushi alivyovileta bila kumjua. Alisikia kwamba naandika wasifu akataka niingize jambo moja. Alisema siku ile ya Novemba alikuwa na fomu ya kuacha mkononi, simu ikalia. Ni Bi Qurra, anamwambia, "Mwanangu, kosa ni letu, si lako. Njoo kesho." Fomu akaichana. "Andika hilo, kaka," akaniambia. "Andika kwamba Bi Qurra ni mtu anayekubali makosa yake. Sijaona mwingine."

Sikuweza kuliandika. Lingekuwa sifa nzuri kwake, na lingekuwa uongo wa pili juu ya ule wa kwanza, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo nimeandika haya.

Na nisije nikaambiwa nimejificha nyuma ya Kiswahili: barua yangu ya Kiingereza iko mezani kwa mkuu wa idara tangu Jumatatu ya wiki jana. Leokadia nilimweleza ana kwa ana. Alisema angependa kunizaba kibao, na kwamba angekuja leo. Jumatano nilijibiwa na ofisi. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili la Bi Qurratulain Gulamhussein. Kwenye faili langu imeingia nyingine, na imestahili.

Zawadi ya idara mtaiona mezani, imefunikwa kwa kitambaa cha kijani. Leokadia ndiye atakayeifunua. Ni dashibodi ile ile ya matangi mawili, iliyochapishwa na kuwekwa kwenye fremu. Mistari ya mafuta iko sawasawa, alivyoirekebisha yeye. Rangi ni nyeusi ya pili. Nimebadilisha kitu kimoja tu, kwenye pembe ya chini kulia, ambapo kwa zaidi ya miaka kumi na minne palikuwa na herufi zisizohusika. Sasa panasomeka M.S.

Bi Qurra, umechora dashibodi sitini na mbili, si sitini na tatu. Najua unapenda hesabu iwe kamili. Asante kwa chai, kwa visheti vya kila Ijumaa, kwa subira na kwa kibarua changu. Nisamehe kwa kuchelewa. Nenda ukapumzike kwa amani na afya njema, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na unapoiaga Malton leo usibebe mzigo wowote ambao si wako.