Zamu Isiyo na wa Kuipokea

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Punguzeni kelele za vyombo huko jikoni, maana leo nina mtu wa kuwasimulia na sitaki mmpoteze njiani. Tunamkumbuka tabibu msaidizi wa chumba cha dharura, katika ile hospitali ndogo mwisho wa barabara ya lami. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Tulia. Jina hilo alipewa na wagonjwa. Ukiingia pale unavuja damu na kupiga mayowe, yeye alikuwa anakwambia "tulia" huku mikono yake imeshaanza kazi.

Bi Tulia alifariki dunia juma lililopita. Kesho anazikwa.

Kwa wasiojua, tabibu msaidizi ni mtu aliyesomea kutibu, lakini anatakiwa awe na daktari karibu yake. Daktari wa Bi Tulia alikuwa kwenye simu. Mtandao ukiwepo, daktari yupo. Mtandao ukikatika, ndiyo basi tena. Watu walipomwita daktari alikuwa anacheka, anasema, "Daktari yuko mjini. Mimi ndiye niliyebaki na nyinyi." Alikuwa peke yake. Narudia, wasikilizaji: tabibu peke yake, na muuguzi mmoja, vitanda viwili vyenye pazia katikati, na mashine ya oksijeni iliyokuwa ikikoroma kuliko wagonjwa.

Sasa, chumba cha dharura kina sheria yake. Huondoki mpaka aje wa kukupokea. Mnasimama kando ya kitanda, unamweleza huyu ana nini na yule amepewa nini, ndipo unavua koti. Ni sheria nzuri, inaokoa watu. Lakini wa kukupokea asipokuwepo, inakuwaje? Bi Tulia alipopelekwa pale aliambiwa ni kwa muda tu. Muda huo ulimkuta msichana, ukamwacha na mvi. Alipewa nyumba nyuma ya hospitali, hatua chache tu, na hata akiwa amelala, dirisha lake lilikuwa mlango wa pili wa dharura.

Mumewe ni fundi baiskeli. Nilimkuta juzi amekaa kwenye kibao chake cha kazi, ameshika pampu tu, hajazi upepo wowote.

"Watu huniuliza nilioa nani," aliniambia. "Nilioa zamu, ndugu yangu. Nikitaka kuongea na mke wangu ilibidi nijikate kidole."

Alicheka. Kisha akaiweka pampu chini.

Mdogo wake Bi Tulia, wa kike, anakumbuka siku ya harusi yake mwenyewe. Dada mtu alikuwa ameshavaa, begi liko mkononi, gari linamsubiri. Mara ikaja pikipiki, imebeba mtoto aliyepaliwa na punje ya hindi, midomo imeshabadilika rangi. Bi Tulia alirudi ndani na viatu vyake vya harusi. Punje ilitoka. Gari lilikuwa limeshaondoka. "Kwenye picha zangu zote hayupo," mdogo mtu anasema. "Nilimnunia mwaka mzima. Akinipigia simu nampa mume wangu aongee naye. Leo natamani hata ile simu."

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo mambo yalipoharibika, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Bi Tulia alipata uvimbe kwenye titi. Aliushika mwenyewe akiwa anaoga. Alijua ni nini. Angekuwa mgonjwa wake, angempeleka hospitali kubwa siku hiyohiyo.

Lakini pale dharura kuna namna ya kupanga watu. Anayetembea, anayeongea na kupumua vizuri, huyo anasubiri. Asiyeweza anatangulia. Bi Tulia alikuwa anatembea. Alikuwa anaongea, tena sana. Akajipima kwa kipimo kilekile alichowapimia wengine, akajiweka mwisho wa foleni. Na foleni ile haikuwahi kuisha. Kosa hilo mimi na wewe tusingelifanya, tungekimbia. Linafanywa na mtu aliyezoea kuangalia nani atakufa leo, mpaka akasahau kuwa kuna kufa polepole.

Binti yake alikuja kumsalimia, akamwona anavyoshikilia mkono wake, akambana mpaka akamwonyesha uvimbe.

"Mama, mgonjwa akija na uvimbe kama huu akakwambia atasubiri, utamwambiaje?"

"Nitamfokea."

"Basi jifokee."

Alicheka sana, binti anasema. Lakini safari hii aliandika kuomba mtu wa kumshikia nafasi. Ofisi ikajibu kwamba anatafutwa. Kweli alitafutwa, hata akapatikana. Alikuja na sanduku lake, akazunguka vitanda viwili, akauliza daktari anakaa wapi, akaonyeshwa simu. Asubuhi iliyofuata sanduku halikuwepo, na mwenye sanduku pia. Ofisi ikasema subiri tena.

Ndipo binti na muuguzi wakala njama. Mgonjwa mahututi akisafirishwa, lazima asindikizwe. Basi aje mgonjwa wa kusindikizwa, Bi Tulia ndiye apande gari, muuguzi abaki. Akishafika hospitali kubwa, apimwe. Hakukuwa na njia nyingine ya kumtoa mle ndani. Tabibu mzima alitoroshwa kwa mgongo wa mzee aliyevunjika nyonga.

Dereva wa gari la wagonjwa ndiye aliyenisimulia yaliyobaki. Walifika salama. Mzee akapokelewa. Binti alikuwa ameshamshikia mama yake nafasi kwenye benchi la vipimo. Mbele yao walikuwa wamebaki watu wawili.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi. Mama mmoja amejifungua, damu haikatiki, na simu ya daktari haipokelewi.

"Nilimwambia, Bi Tulia, usirudi, ukirudi hutoki tena," dereva anasema. "Akaingia mbele, akafunga mkanda. Binti yake alishika mlango wa gari, akakataa kuuachia. Mama yake akambandua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anambandua bandeji. Njia nzima alikuwa kwenye simu: kanda tumbo, bana, usiache, mwekee dripu ya pili. Mimi nalia, yeye ananiambia niangalie barabara."

Yule mama alipona. Mtoto wake anatambaa sasa. Ametupigia simu hapa studio, anasema ni yeye aliyemrudisha Bi Tulia. Mama, kama unatusikia, usijilaumu. Hukuwa na kosa lolote.

Lakini nimekasirika, wasikilizaji, na sitaficha. Mtu mmoja hakupaswa kuambiwa achague. Bi Tulia hakutoka tena mle ndani kwa miguu yake. Alipofikishwa kwenye lile benchi mara ya pili alikuwa kwenye machela, na kwa kipimo chake mwenyewe sasa alistahili kutangulia. Ugonjwa ulikuwa umeshaenea.

Kwa fundi, kwa binti, kwa mdogo wake, na kwa muuguzi aliyebaki naye miaka yote, sisi wa kipindi hiki tunasema poleni sana. Mungu awape subira, na ampumzishe mpendwa wenu, maana kupumzika ndicho kitu ambacho sisi wote tulimnyima.

Kabla sijawaaga, nina salamu moja ya rambirambi. Imetoka kwa tabibu aliyepelekwa pale baada yake, kijana wa kike aliyemaliza chuo juzijuzi. Anasema: "Naomba mnifikishie pole kwa familia. Niliomba ruhusa ya saa chache nije kumzika. Nimeambiwa nisubiri, wanamtafuta mtu."

Wasikilizaji wapendwa, huyu bado yuko hai. Yuko mle ndani sasa hivi, peke yake. Mnaweza hata kumpigia simu.