Miriam Gathoni na Chuma Kilichong'olewa Bustanini

Mpendwa wetu Miriam Gathoni alizaliwa Theta tarehe 12 Machi 1922, kifungua mimba wa Mzee Mburu na Mama Waithira.

Alisoma shule ya misheni Ruiru hadi darasa la nne. Huko aliwahi kumwaga uji mbele ya mwalimu. "Una wadudu," alisema. "Onja wewe kwanza, mwalimu, tukuone ukimeza." Alichapwa, lakini tangu kesho yake unga ulichekechwa.

Mwaka 1941 alifunga ndoa na Ndung'u wa Ruiru, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1950 aliajiriwa na hospitali moja ndogo ya watu binafsi huko Thika, akawa msimamizi wa wanawake wa kufua. Shuka lenye doa halikumpita.

Hospitali hiyo ilikuwa na injini ya kutoa stima kila ile ya mjini inapokatika. Fundi Kulwant alikuwa ameunganisha injini na mashine za kufulia kwa waya hadi kwenye chuma kilichozikwa nje, ili stima ikivuja iingie ardhini, isimpate mtu. Meneja akaona chuma kile kinaharibu bustani aliyokuwa akinywea chai na wageni wake. Akaagiza king'olewe. Kulwant alikataa, akatafutwa mwingine akaking'oa. Haya yanatia kinyaa, na hatutayafunika kwa maneno matamu ya matanga.

Tarehe 9 Aprili 1957 mvua ilikata stima, injini ikawashwa. Gathoni aligusa mashine, ikamnasa. Mkono uliungua, kisha ukaanza kuoza. Meneja alimletea kikapu cha matunda wodini.

"Pole, mama. Ni bahati mbaya tu."

"Toa hivyo vitu hapa. Chuma kimerudi?"

Meneja alibeba kikapu chake akatoka.

Basi Gathoni alimwegemea mumewe, wakajikokota hadi chumba cha kufulia. Akawaambia wenzake, "Asiingie mtu." Hawakuingia. Mashuka yalirundikana yakanuka hadi ofisini, ndipo Kulwant akaitwa kukirudisha chuma katikati ya maua. Meneja aliwaambia wageni kwamba hilo lilikuwa wazo lake.

Sumu ya kidonda ilienea mwilini. Gathoni alifariki tarehe 2 Mei 1957, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mumewe Ndung'u, watoto Kagwe, Nyaguthii na Mburu, wazazi wake, mimi mdogo wake, Ephantus, na wanawake wa kufua, ambao leo wote wako hai.

Dada, lala salama.